UZI: Matairi ya nyuma ya ATV ya michezo kwenye ardhi ngumu ya Tabora: urefu wa kashata usikudanganye

#1 Mwanzisha uzi, Tabora mjini

Mwangaluka wakuu. Katika kiangazi hiki watu wanne wameniuliza swali lilelile kwa nyakati tofauti. Wote wamenunua ATV (pikipiki za magurudumu manne) za michezo zilizotumika kutoka Dar es Salaam, na wote wanataka kujua ni tairi gani la nyuma linalofaa kwa njia zetu za huku. Nimeona ni heri niandike mara moja, kwa kirefu, ili hata mwenye maoni tofauti na yangu apate mahali pa kuyaweka.

Nianze na ardhi yenyewe, kwa sababu tairi huchaguliwa kwa ajili ya ardhi kabla halijachaguliwa kwa ajili ya mashine. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, njia za pembezoni mwa mji, za upande wa Kwihara, Itetemia na zile zinazoelekea Uyui, huwa ngumu kama sakafu ya saruji. Udongo uliokanyagwa na ng'ombe ukiwa bado na unyevu wa mwisho wa masika hukaushwa na jua hadi jembe likipigwa juu yake linaruka. Juu ya ugumu huo hukaa tabaka jembamba la vumbi pamoja na changarawe ndogo za moramu zinazoviringika kama gololi. Kwa hiyo tairi la nyuma lina kazi mbili zinazovutana: lipenye gololi hizo lifike kwenye udongo, kisha likifika, lishike mahali ambapo hapachimbiki.

Mimi nilikosea mwanzoni, tena kwa gharama. Matairi yaliyokuja na Raptor 700 yangu yalikuwa yamekwisha, nikaenda dukani, nikachagua yenye kashata (vile vinundu vya mpira vya kwenye uso wa tairi) ndefu kuliko yote yaliyokuwapo, kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba kashata ndefu hushika kila mahali. Siku ya kwanza, kwenye kona ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi bila wasiwasi, sehemu ya nyuma iliniponyoka ghafla, nikaishia kwenye kichaka. Sikuumia, lakini niliogopa. Baada ya hapo nilijifunza kwenda taratibu, na hata hivyo mashine ilitetemeka wakati wote kana kwamba inapita kwenye rasta, hata pale ambapo barabara ilikuwa laini. Kabla ya mvua kuanza, kingo za kashata zilikuwa zimeviringwa, na kashata kadhaa za katikati zilikuwa zimepasuka kwenye mashina yake.

Sababu ni rahisi ukiitafakari. Kwenye matope kashata ndefu huzama, na ikizama hupata pa kusukumia. Kwenye ardhi ngumu haina pa kuzama, kwa hiyo husimama juu ya ncha yake kama mtu anayetembea kwa vidole vya miguu. Uzito wa mashine na wa mwendeshaji huangukia ncha chache, na nguvu ikija kutoka ubavuni, kama inavyokuja kwenye kona, kashata hupinda, kisha huachia kwa mkupuo. Kule kupinda na kunyooka maelfu ya mara ndiko kunakoleta mtetemo, joto, na hatimaye ile mipasuko kwenye mashina. Katika ardhi ngumu kinachoshika ni mpira wenyewe unaogusa udongo. Tafuta basi tairi lenye kashata fupi, pana na zilizokaribiana, zilizoachiana nafasi kiasi tu cha kumeza vumbi na changarawe na kuzitupa nyuma.

Ugumu wa mpira nao uangaliwe. Mpira laini hushika vizuri zaidi kwenye ardhi iliyokauka, ila huliwa haraka. Mpira mgumu hudumu lakini huteleza. Ukibonyeza kashata kwa ukucha utapata picha fulani ya ulaini wake, na ukiona nyufa ndogondogo kwenye mashina ya kashata za tairi linaloitwa jipya, basi limekaa stoo muda mrefu. Liache.

Kuhusu vipimo, Yamaha Raptor 700, Honda TRX450R na Suzuki LT-Z400 zote hutoka kiwandani zikiwa na tairi la nyuma la 20x10-9. Namba ya kwanza ni kimo cha tairi kwa inchi, ya pili ni upana wake, na ya tatu ni kipenyo cha ringi. Wengi wetu huhamia 20x11-9, ambalo hukaa vizuri kwenye ringi yenye upana wa inchi 8 na huongeza kidogo eneo la mpira linalogusa ardhi. Kimo nakishauri kibaki 20. Upana wa 10 au 11 ni hiari ya mtu.

#2 Mchangiaji, Urambo

Nashukuru kwa maelezo, mkuu. Nina swali kuhusu umbo. Nimeona matairi ya nyuma ambayo mgongo wake ni wa mviringo, na mengine ambayo mgongo ni bapa na mabega yamesimama kama pembe ya sanduku. Akili yangu inaniambia kwamba lililo bapa hugusa ardhi zaidi, kwa hiyo ndilo linalofaa. Je, nipo sahihi?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Urambo, nusu ya jibu lako ni sahihi, na nusu ya pili inategemea kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu mashine hizi. ATV ya michezo haina difu nyuma. Cheni inazungusha ekseli moja nzima, na magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye ekseli hiyo, hivyo yanazunguka kwa mwendo ule ule siku zote. Gari linapokata kona, difu huliruhusu gurudumu la ndani lizunguke polepole kuliko la nje. Hapa hakuna ruhusa hiyo.

Chukua mfano. Kutoka katikati ya tairi moja la nyuma hadi katikati ya jingine kwenye Raptor ni karibu sentimita 90. Ukikata kona ya robo duara, gurudumu la nje linatakiwa kusafiri karibu mita 1.4 zaidi ya la ndani, iwe kona hiyo ni pana au ni ya kubana. Kwa kuwa ekseli hairuhusu tofauti hiyo, lazima tairi mojawapo liteleze ili kuifidia. Ndiyo maana kwenye mashine hizi mwendeshaji huinamia ndani ya kona huku akiongeza mafuta: kuteleza kwa nyuma ni sehemu ya namna mashine inavyokata kona.

Sasa turudi kwenye umbo. Tairi lenye mgongo bapa na mabega makali hushika sana linapoenda moja kwa moja, lakini kwenye kona hukataa kuteleza, nalo linapokataa husukuma pua ya mashine iende mbele badala ya kugeuka. Mwishowe bega linachoka na kuachia lote kwa pamoja. Lenye mgongo wa mviringo huanza kuteleza mapema na taratibu, na mwendeshaji anasikia mwilini mwake kwamba limeanza. Kwenye udongo laini tofauti hiyo humezwa na udongo wenyewe, kwa sababu ardhi inasogea kabla ya tairi. Kwenye njia yetu ya kiangazi ardhi haisogei hata kidogo, kwa hiyo kila kitu kinamalizwa na mpira.

Mimi napendelea mgongo ulio mviringo kiasi, wenye kashata za mabega zilizo imara lakini si ndefu. Kama njia zako nyingi zimenyooka na hupendi kuteleza, chagua lililo bapa zaidi, ila jifunze kupunguza mwendo mapema kabla ya kona. Ushauri huo wa pili nautoa kwa moyo wote, kwa sababu huko Urambo njia zilizonyooka ni nyingi na mtu hujisahau.

Jambo jingine linatokana na ekseli hiyo hiyo. Matairi mawili ya nyuma lazima yawe na mzunguko sawa. Usifunge jipya kulia na lililoliwa kushoto ukidhani umeokoa fedha, kwani mashine itavuta upande mmoja, na matairi yatakulana yenyewe kwa yenyewe hata kwenye njia iliyonyooka. Jaza yote mawili upepo sawa, kisha upime mzunguko wa kila moja kwa futi ya fundi cherehani. Ni kazi ya dakika tano.

#4 Mchangiaji, Kasulu

Habari za huko, wakuu. Mimi nipo Kasulu, ambako udongo wetu ni mwekundu na milima ni mingi, lakini kiangazi ugumu wake ni huo huo. Fundi pancha wangu huwa ananijazia upepo kama anavyojaza bodaboda, na baada ya hapo mashine inadunda kama mpira. Nikimwambia apunguze, geji yake haisomi chini ya psi 10 (psi ndicho kipimo cha upepo). Ninyi mnajaza kiasi gani?

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Kasulu, umegusa jambo ambalo nadhani linaharibu matairi mengi kuliko uchaguzi mbaya wa tairi lenyewe. Tairi la bodaboda hujazwa karibu psi 30. Tairi la nyuma la ATV ya michezo hukusudiwa kwenda na karibu psi 4, na mwongozo wa mashine yako utakupa namba kamili. Likijazwa upepo wa bodaboda, tairi pana kama hilo huvimba katikati, mabega yananyanyuka kutoka ardhini, na unabaki unaendesha juu ya mstari mwembamba wa kashata za katikati. Hapo hata tairi bora duniani haliwezi kukusaidia. Tena si hatari ndogo, kwa sababu ubavu wa tairi huandikwa kikomo cha upepo ambacho hakipaswi kuvukwa hata wakati wa kulikalisha kwenye ringi.

Unahitaji geji ya upepo mdogo, inayosoma kutoka 0 hadi 10 au 15. Iagize pamoja na matairi. Kwenye psi 4, kukosea psi 1 ni kukosea robo nzima, ilhali kwenye tairi la gari kosa hilo hata halisikiki.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu jua letu lina mchango wake. Tairi likipata joto, upepo uliomo ndani hutanuka. Ukijaza psi 4 alfajiri wakati joto ni nyuzi 25, kisha tairi likafika nyuzi 50 mchana kwa sababu ya jua na msuguano, kwa hesabu ya kawaida ya gesi kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 1,200 geji itasoma zaidi ya psi 5. Yaani zaidi ya robo ya upepo imeongezeka bila mtu kugusa pampu. Nilikuwa nashangaa kwa nini mashine inashika vizuri saa moja asubuhi na kuanza kuelea saa sita, nikilaumu vumbi. Siku nilipoanza kupima mara ya pili baada ya nusu saa ya mwendo, nikatoa kidogo kilichozidi, tatizo lilipungua sana. Jioni tairi likipoa nalipima upya na kulirudishia, kwa sababu upepo ukipungua mno tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi ukiwa katikati ya kona, na ringi ikikutana na jiwe inapinda.

#6 Mchangiaji, Sikonge

Ndugu mwanzisha uzi, nakubaliana nawe kwa mengi, lakini kwenye kimo naomba tutofautiane. Mimi nimefunga 22x11-9. Huku Sikonge tunapita kwenye misitu ya miyombo iliyokatwa, na visiki vimejaa njiani. Nikiwa na tairi la inchi 20, sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) na diski ya breki vilikuwa vinagonga kila mara. Tairi refu limeniokoa.

#7 Mwanzisha uzi

Mkuu, kwa visiki vya Sikonge sina ubishi na wewe, kwa sababu unayapita mazingira yako kila siku. Naomba tu wanaosoma waone gharama ya uamuzi huo, wasije wakauiga wakiwa kwenye njia za wazi.

Tairi la inchi 22 huinua ekseli kwa inchi 1 tu, yaani milimita 25, kwa sababu nusu ya nyongeza ya kimo ipo juu ya ekseli na nusu ipo chini. Papo hapo mzunguko wa tairi huongezeka kwa asilimia 10, kutoka karibu mita 1.60 hadi mita 1.76, kwa hiyo kila gia inakuwa ndefu kwa asilimia 10. Mashine inaondoka kwa uzito, klachi inafanya kazi zaidi, na breki inahitaji nguvu zaidi. Mtu atasema abadilishe sproketi ya nyuma. Kama ina meno 38, ili kurudisha uwiano wa awali utahitaji meno 42. Lakini sproketi yenye meno manne zaidi, kwa cheni ya saizi ya 520, inashuka chini kwa milimita 10 kuliko ile ya awali. Umenunua matairi marefu ili uinue sproketi kwa milimita 25, kisha umezirudisha milimita 10 kwa mkono wako mwenyewe. Afadhali upunguze sproketi ya mbele kutoka meno 14 hadi 13. Itakurudishia sehemu kubwa ya nguvu bila kugusa kimo cha nyuma, ingawa cheni itachakaa mapema kidogo kwa kupinda kwenye duara dogo.

Kuna tatizo la pili linalohusu ardhi ngumu moja kwa moja. Mashine iliyoinuka nyuma ina kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, na ubavu mrefu wa tairi hulala zaidi kwenye kona. Kwenye msitu wa visiki, ambako mwendo ni mdogo, huenda usilihisi. Kwenye njia ya ng'ombe iliyokauka, ambako mtu hufika kilomita 60 kwa saa bila kujijua, utalihisi vizuri sana. Kwa Sikonge ningefunga pia bamba la chuma la kukinga sproketi na diski.

#8 Mchangiaji, Urambo

Mkuu, bado sijaelewa suala la plai, yaani zile tabaka za nyuzi zinazoimarisha tairi. Muuzaji mmoja ananiambia plai mbili ndizo za mashindano, mwingine ananiambia bila plai sita nitaziba pancha kila siku. Na je, nikiweka tyubu ndani?

#9 Mwanzisha uzi

Wote wawili wamekuambia kweli, kila mmoja kwa matumizi yake. Tairi la plai mbili ni jepesi na ubavu wake hukunjika kwa urahisi. Kumbuka kwamba nyuma ekseli ni moja, hivyo gurudumu moja likikanyaga jiwe, ekseli yote inainama. Ubavu laini wa tairi humeza mishtuko midogo kabla shokapu haijapata habari. Kwenye uwanja uliosafishwa ningechagua hilo bila kusita. Lakini sisi hatuna uwanja uliosafishwa. Tuna miiba ya migunga, vijiti vya miyombo vilivyokatwa kwa mshazari, na mawe ya moramu yenye makali. Plai sita zina uzito zaidi na ukakamavu zaidi, na uzito huo unausikia unapoongeza mafuta na unapofunga breki, ila unarudi nyumbani ukiwa umepanda mashine yako badala ya kuisukuma.

Mimi natumia Maxxis Razr ya 20x11-9 yenye plai sita. Kashata zake ni za wastani, na kwa sababu ubavu ni mkakamavu naupunguzia upepo kidogo kuliko ambavyo ningefanya kwa plai mbili ili tairi lilale vizuri. Silitaji ili mlinunue hilo. Lipo la aina yake kwa watengenezaji wengine pia, na mkilikuta chukueni.

Kuhusu tyubu, sishauri. Kwa upepo mdogo kama huu, tairi linaweza kuteleza kidogo juu ya ringi unapofungua mafuta ghafla, na tyubu ikivutwa pamoja nalo, shina la valvu linakatika. Beba kamba za mpira za kuzibia tairi lisilo na tyubu, koleo la kung'olea mwiba, na pampu ndogo ya mkono. Kwa tairi la psi 4, pampu ya mkono inatosha kabisa, na hii ni moja ya faida chache za upepo mdogo. Tundu la kwenye kashata hufungika vizuri kwa kamba. Lililo ubavuni ni la kukufikisha nyumbani tu, kisha tairi libadilishwe.

#10 Mchangiaji, Kasulu

Nimenunua geji, mkuu, nikakuta matairi yangu yana psi 22. Nimeyapunguza hadi 4. Naona kama nimebadilishiwa mashine. Swali langu la mwisho ni hili: kutoka kwangu hadi kwenye njia za vumbi kuna kilomita kadhaa za lami. Je, lami inaathiri matairi haya?

#11 Mwanzisha uzi

Hongera, ndugu yangu. Kutoka 22 hadi 4 ni sawa na kununua matairi mapya.

Lami inaathiri, na watengenezaji wenyewe huonya kwamba matairi haya na mashine hizi hazikukusudiwa kwa barabara ya lami. Ile tofauti ya mita 1.4 niliyoieleza juu, kwenye udongo inalipwa na kuteleza, ila kwenye lami mpira hautaki kuteleza, hivyo unasagika, ekseli inabeba mvutano, na mashine inaweza kunyanyua gurudumu la ndani. Kashata fupi zitastahimili zaidi kuliko ndefu, lakini bado zitaliwa. Kama unaweza kuipakia kwenye pikapu au guta hadi mwisho wa lami, fanya hivyo. Kama huwezi, nenda mwendo mdogo, geuka kwa upana, na upime upepo ukifika, kwa sababu lami ya saa saba mchana hupandisha joto la tairi haraka kuliko njia ya vumbi.

Kwa wale walioniuliza kwa ujumbe binafsi kuhusu masika: hapana, tairi hili halitawafaa kwenye mbuga za udongo mweusi mvua zikishaanza. Kashata fupi zilizokaribiana hujaa tope zikawa kama chapati, na tairi linazunguka mahali pamoja. Mimi nilinunua ringi mbili za ziada zilizotumika, nikazifunga yale matairi yangu ya kashata ndefu ambayo kiangazi yaliniangusha, baada ya kuhakikisha kwamba kashata zilizopasuka si za mabegani na kwamba ubavu ni mzima. Mwezi wa kumi na moja nabadilisha magurudumu mawili ya nyuma kwa spana moja, na mwezi wa tano narudisha. Kabla ya kuyaweka stoo nayaosha, nayaning'iniza mbali na jua, na kwa chaki naandika kulia na kushoto ndani ya ringi ili mshale wa mzunguko ulioko ubavuni usije ukaelekea nyuma.